Sita, Mbili, Kumi

Jumatatu, 6 Juni 1994

Saa mbili nimempa Mama. Saa sita nimempa. Saa kumi nitampa. Kidonge kimoja na nusu kila mara. Nusu naikata kwa wembe juu ya sahani ya bati. Unga unaobaki namlambisha kwenye kidole. Hata unga ni dawa.

Ukungu haujaondoka tangu jana. Juni ya huku ni adui wa kifua, na pumu ya Mama imemwingia uzeeni, wakati mwili hauna tena cha kubishana nayo. Wiki imepita tangu tutoke hospitalini. Tumerudi na kadi na vidonge vichache. Vingine tafuteni wenyewe. Ndiyo Tanzania mpya: kila kitu kipo, katafute.

Kadi yenyewe ni aibu. Juu imepigwa chapa kwa Kiingereza. Chini daktari, mgeni wa watu, kaandika kwa mkono: mg 150, saa 6 – 2 – 10. Sita, mbili, kumi! Hata kupanga namba zifuatane kumewashinda. Nimezipanga upya kwenye karatasi safi na kuibandika ukutani: 2, 6, 10. Mtu akiingia aone kwamba nyumba hii ina mwalimu.

Makala yangu kuhusu lugha ya hospitali naimaliza kesho. Kwa nini mgonjwa wa nchi hii aandikiwe ugonjwa wake kwa lugha asiyoiota? Wahariri wa magazeti mapya wanapenda kelele. Nitawapa.

Jumanne, 7 Juni

Alfajiri kifua kilimbana. Alikaa kitandani, mikono kwenye magoti, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu anayetwanga. Mluzi kifuani. Nilimshika mgongo. Hakuna kingine nilichoweza kufanya. Saa mbili akanywa dawa, saa tatu akapata nafuu.

Makala sikuigusa.

Alhamisi, 9 Juni

Vidonge vimekwisha. Tukuyu hakuna. Nimekwenda hadi Kiwira, duka la dawa lililofunguliwa majuzi karibu na barabara kuu. Vipo, lakini si vile. Vile vya zamani vilikuwa vya miligramu 100. Hivi ni 200, vya mwagizaji mwingine. Mwenye duka, kijana mnene mwenye adabu, kaniambia, “Ni dawa ile ile, Mama. Nguvu ndiyo tofauti. Utapiga hesabu.”

Nitapiga hesabu. Mimi! Nilifundisha Kiswahili miaka yote hadi walipotupunguza kazini, na hesabu nilikuwa nawaachia wengine kwa dharau. Nilisema namba ni kazi ya makarani.

Jioni kapita Subilaga. Ni nesi wa hospitali, jirani yangu, nilimfundisha darasa la tano na nilimchapa kwa mwandiko. Nimemwomba anionyeshe. Kanipa kanuni moja: unachotaka, gawanya kwa ulichonacho. Nikaandika. Nikakokotoa. Nikampa jibu kwa sauti ya mwalimu: kimoja na theluthi.

“Mwalimu, shikamoo tena,” akasema. “Kidonge kimekuwa kikali zaidi, halafu wewe unaongeza?”

Nilikuwa nimegawanya kinyume. Ulichonacho kwa unachotaka. Mama, aliyekuwa anasikiliza kitandani, alicheka mpaka akakohoa. Nimeona aibu ya mtoto wa shule. Nimeona na hofu. Kwa kalamu ile ile ningempa karibu mara mbili ya dozi yake, kwa mwandiko mzuri.

Mia na hamsini, gawanya kwa mia mbili. Robo tatu.

Ijumaa, 10 Juni

Robo tatu. Kidonge unakikata nusu, nusu unaikata tena nusu, robo moja unaiweka kando. Wembe mpya. Sahani kavu. Mkono usitetemeke. Robo zangu za kwanza zilikuwa za ajabu, moja kubwa kama nusu, nyingine makombo tu. Nimezitupa. Mama kalalamika kwamba natupa dawa. Nimemjibu vibaya.

Subilaga kanipa majaribio kumi kwenye karatasi. Dawa ya maji, ya vidonge, ya mtoto kwa kilo zake. Nimepata saba. Kaniwekea alama ya vema kwa wino mwekundu, mshenzi yule, na chini kaandika “Jitahidi”.

Unachotaka, gawanya kwa ulichonacho. Nchi nzima ingefundishwa hivi kabla ya kuhubiriwa soko huria.

Jumapili, 12 Juni

Sikwenda kanisani. Alfajiri tena. Hii ni ya nne. Na jioni kuna jambo jipya: mikono yake inatetemeka, chai imemwagika kwenye kanga, moyo unadunda hadi nauona kwenye shingo. Kisha akatapika. Mwanzo wa usiku anatulia. Kunapokucha, mluzi.

Jioni dawa inaonekana kali mno. Alfajiri inaonekana si kitu. Dawa gani inabadilika tabia kama mwanasiasa?

Nimerudia hesabu mara tano. Mia na hamsini mara tatu ni mia nne hamsini kwa siku. Robo tatu mara tatu ni vidonge viwili na robo. Viwili na robo mara mia mbili ni mia nne hamsini. Inakubali. Inakubali kila upande.

Subilaga kauliza kama kadi nimeielewa. Nimemwambia nimefundisha nusu ya wilaya hii kusoma, yeye akiwemo. 

Jumatatu, 13 Juni

Nimeelewa. Vidonge ni bandia. Mlango umefunguliwa, kila takataka inaingia, chokaa inafungwa kwenye karatasi ya kumetameta. Nimepanda gari hadi Kiwira nikiwa na hasira safi, ile ya zamani, ya mikutanoni. Duka lilikuwa na watu. Vizuri.

Nilisema yote. Kwamba anauza chokaa. Kwamba mama yangu anabanwa alfajiri kwa ajili ya faida yake. Kijana aliniacha nimalize.

“Mama, hiyo hiyo nawauzia wengine. Hakuna aliyekuja kulia hapa.”

“Waliokufa hawarudi dukani!”

Watu wakacheka. Mmoja aliyekuwa nyuma akasema, “Mwalimu kaanza. Leo redio hainunuliwi betri.” Wakacheka zaidi. Kijana hakucheka. Kasema nichukue kidonge nipeleke hospitali wakiangalie, kama ni kibaya atafunga duka mwenyewe. Na akanipa glasi ya maji. Nilikunywa. Nilikuwa na kiu.

Nilishinda ule ubishi. Mama hajui kwamba nilishinda.

Jumatano, 15 Juni

Alfajiri mbaya kuliko zote. Midomo ya kijivu. Aliniangalia tu, hana pumzi ya kusema. Nimesoma kabati zima la vitabu. Nimebishana na wachungaji, na makatibu wa chama, na vyama vipya pia. Pale nilikuwa mtu mwenye mikono miwili mitupu.

Saa nane mchana nikashika ile robo iliyobaki sahanini. Nikasema, ukimpa kizima kimoja je? Kama ni hafifu, kizima kitatosha. Niliishika muda mrefu. Nikairudisha kwenye kopo. Hesabu ni hesabu. Nikajisifu kwa hilo, najiandikia hapa ili nisisahau: nilijisifu.

Saa kumi nikampa robo tatu yake sawasawa. Saa kumi na moja akatapika.

Alhamisi, 16 Juni

Tuko hospitali. Alianza kubanwa kabla ya kupambazuka. Gari la kubeba majani ya chai lilikuwa linapita barabarani, tupu. Nilisimama katikati ya njia na kanga yangu ya kulalia. Dereva hakuuliza kitu. Tumemlaza juu ya magunia. Yamelowa umande.

Wamemchoma sindano. Wamemwekea hewa puani. Anapumua. Siandiki zaidi.

Ijumaa, 17 Juni

Lazima niandike sawasawa jinsi ilivyokuwa.

Subilaga alikuwa zamu. Mchana akaja kitandani kwa Mama na kidonge na kikombe cha maji. Nikatazama saa ya ukutani. Saa nane. Nikamzuia mkono.

“Unafanya nini? Dawa yake ni saa sita, na kumi.”

“Mwalimu, ni saa nane. Ndiyo saa yake.”

“Soma kadi.”

“Nimeisoma kadi.”

“Hukuisoma! Hapa mnaua watu kwa uvivu wa kusoma!”

 Subilaga akachomoa kadi ile ile miguuni pa kitanda akanishikisha. Akaweka kidole juu ya kila namba, taratibu, kama nilivyomfundisha silabi.

“Sita. Kumi na mbili asubuhi, hiyo. Mbili. Saa nane, ndiyo sasa. Kumi. Saa nne usiku.” Kisha kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, “Ni saa za Kizungu, Mwalimu. Daktari huyu kajifunza neno ‘saa’, kuhesabu bado.”

Sita, mbili, kumi. Zilikuwa zimefuatana. Tangu mwanzo zilikuwa zimefuatana. Mimi ndiye niliyezivuruga.

Nimekaa kwenye benchi la nje na kukokotoa. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni ni saa nane. Dozi tatu zote ndani ya hizo. Kutoka saa kumi jioni hadi saa mbili asubuhi ni saa kumi na sita. Humo hakuna hata chembe. Mchana nilimlundikia sumu, alfajiri nilimwacha mtupu. Kila siku. Kwa robo tatu zilizokatwa vizuri.

Siwezi kumlaumu daktari peke yake, ingawa nimejaribu tangu mchana. Namba zilikuwa zimekaa vibaya kwa jicho langu na sikuuliza kwa nini. Niliona kosa la mgeni. Nilifurahi kuliona. Nimepigania kadi za Kiswahili kwa muda mrefu hata nikasoma kadi niliyotaka kuandikiwa, si niliyoandikiwa.

Subilaga naye kwa sasa naona haya kumtazama. Aliniuliza. Mimi nikamkumbusha kwamba nilimfundisha kusoma.

Jumamosi, 18 Juni

Daktari kaja. Moyo wa Mama umechoka, mapigo hayana mpangilio. Kapimwa: kilo thelathini na nane. Dozi inashushwa, miligramu mia. Mia gawanya kwa mia mbili. Nusu. Hii hata mtoto angeijua.

Nimemweleza kila kitu. Nilisimama wima kama mshitakiwa. Nikamuuliza kama ni mimi niliyeuharibu moyo. Akafikiri, akasema Kiswahili chake cha polepole: inawezekana ndiyo, inawezekana hapana, ni mzee, ugonjwa ni mrefu. Kuanzia leo ataandika asubuhi, mchana, usiku.

Nilitaka hukumu. Ningekata rufaa au ningeipokea. Kanipa “inawezekana”. Sina la kufanya na “inawezekana”.

Jumanne, 21 Juni

Tumerudi nyumbani. Karatasi ya ukutani nimeibandua.

Nimemwambia Mama. Nilimwambia yote, polepole, kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili kilikataa kutoka. Nilimwambia ni mimi. Alisikiliza amefumba macho. Nikadhani amesinzia.

“Miaka yote umenipigia kelele kwamba sijui kusoma,” akasema. “Kumbe tuko wawili.”

Akacheka kidogo. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka mluzi, na mimi nikamshika mgongo, kazi pekee ninayoiweza.

Ijumaa, 24 Juni

Kiwira. Nimemwomba radhi yule kijana mbele ya wateja wake, kwa kuwa nilimtukana mbele ya wateja wake. Maneno yalikuwa magumu kama kokoto.

“Mama yuko hai?” akauliza.

“Yuko.”

“Basi.” Akamgeukia mteja mwingine.

Nilitamani anitukane.

Jumapili, 26 Juni

Alfajiri mbili mfululizo hakubanwa. Ya leo amebanwa, kidogo. Kwa hiyo saa zimenyooka, nusu yangu ni nusu kweli, na bado kifua kinafanya kinavyotaka. Nilikuwa nimejiahidi kwamba nikiisahihisha hesabu, atapona. Hakuna aliyeniahidi hivyo. Subilaga anasema tumpe muda. Anapita jioni kama zamani. Bado ananiamkia.

Makala imebaki nusu. Bado naamini kila neno lililomo. Siwezi kuimaliza.

Jumatano, 29 Juni

Jua leo. Mara ya kwanza mwezi huu. Nimemtoa Mama barazani na blanketi. Alinilalamikia kwamba nimekuwa kimya siku hizi, nyumba imekuwa kama ya wageni. “Gombana na mtu basi, nisikie kuna watu.” Nikamsomea gazeti la wiki iliyopita na kulitukana kidogo, kwa ajili yake. Katikati ya ukurasa akalala.

Usingizi mzuri. Mdomo wazi, mabega yametulia, mluzi mdogo sana, wa mbali. Sijamwona akilala hivi tangu baridi ianze. Nusu iko kwenye sahani, maji kwenye kikombe. Saa nane kasoro dakika tano.

Nilitamani kumwacha. Nikahesabu: akilala mpaka saa kumi, itakuwaje usiku, itakuwaje alfajiri. Nikaacha kuhesabu.

Saa nane. Nikamgusa bega. Akafungua macho, akaniona, akafungua mdomo. Hakuuliza ni saa ngapi.