Wanasema Nazimua kwa Togwa

Shikamoo dada mshauri, naomba unishike mkono maana nimefika mwisho wa akili zangu. Mimi ni mama wa Ruhuwiko hapa Songea, pombe sijaionja tangu nizaliwe, lakini miezi hii nikiamka, kabla sijala, natetemeka, jasho linanitoka na maneno yananipotea, na juzi kwenye sala ya alfajiri ya jumuiya yetu ya kanisa nilimwamuru mwenyekiti wetu, mzee Romwaldi, anyamaze asitupigie kelele, mimi ambaye hata kuku simfokei, kisha nikaanguka, wifi yangu Theodosia akaninywesha kikombe cha togwa, kile kinywaji kitamu cha nafaka, na muda si mrefu nikawa mzima, hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwani wifi anatangaza kwamba anayepona namna ile ni mlevi aliyezimua, yaani aliyetuliza uchovu wa pombe ya jana kwa kunywa tena, na jumuiya imeamua Ijumaa nifunge mpaka jioni bila hata maji ili roho ya ulevi initoke, na mume wangu Hironimus amekubali. Daktari amenipima, anasema sukari yangu inashuka mno na kuna uvimbe mdogo kwenye kongosho, niende hospitali ya rufaa Mbeya. Mume wangu anauliza, uvimbe wa tumboni utamtukanishaje mtu? Nikikataa kufunga nitakuwa kama nimekiri. Nifanyeje?

Mama Valence, Ruhuwiko

Marahaba, Mama Valence. Pole sana, na sasa nisikilize. Ijumaa hufungi. Kwa hali yako, kushinda na njaa kunaweza kukuua.

Swali la mumeo ni zuri, mjibu. Uvimbe huo unatengeneza insulini, na insulini ni peptidi, yaani kipande kidogo cha protini kinachotembea kwenye damu na kupeleka amri mwili mzima uvute sukari kutoka humo. Mtu mwenye afya akiwa na njaa, insulini yake hupungua. Uvimbe haujui njaa, unamwaga tu. Sukari inaisha kwenye damu, na ubongo unaoitegemea unaanza kupayuka. Togwa ilikurudishia sukari, basi. Hukuzimua, ulilishwa.

Ila nawe unanikera. Daktari kakwambia, halafu unasubiri ruhusa ya jumuiya? Kesho mpeleke Hironimus akamsikie daktari kwa masikio yake. Kula mara kwa mara, hata kabla ya kulala, na usitoke nyumbani bila kitu kitamu. Kisha panda basi uende Mbeya. Uvimbe mwingi wa aina hii si saratani, na madaktari huutoa kwa upasuaji. Huko nako huenda wakakufungisha ili wapime, lakini muuguzi atakuwa kando yako. Wakikuuliza jumuiyani, waambie utafungia huko.

Wifi yako usimchukie. Ulimi wake umekuponza, lakini siku ile mkono wake ndio uliokuokoa. Safiri naye, na togwa abebe yeye.