Nimefuta Mstari wa Daktari Mguuni, Nikachora Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kukanyaga pedeli kutwa nzima, na kifundo cha mguu kimenisumbua mpaka nimepangiwa upasuaji kesho, ule wa matundu madogo wanamoingiza kamera. Leo kliniki daktari alinikunja kidole cha nne cha mguu, akageuza unyayo kwa ndani, kikajitokeza kitu kama uzi chini ya ngozi, akachora mstari juu yake, akasema huo ni mshipa wa fahamu na matundu lazima yaukwepe, ukijeruhiwa naweza kubaki na ganzi au maumivu ya kuwaka, basi nikarudi nyumbani, na nesi alishasisitiza nioge vizuri, nami sipendi kuonekana mchafu mbele ya watu, nikasugua kwa dodoki hadi mstari wote ukatoka, ndipo akili ikanirudia, nikajiambia mtu anayechora pindo za suruali kila siku hashindwi na mstari mmoja, nikachukua kalamu yangu ya kazini nikauchora upya kwa kukumbuka, na umenyooka kweli. Wifi yangu anasema, "Nyamaza wewe, ukisema watakuahirisha." Lakini kila nikiutazama moyo unanidunda, na daktari yule ni mkali. Nikiamka na ganzi nitakanyagaje pedeli?

Fundi Pindo

MSHAURI ANAJIBU

Pole, fundi. Kucheka nimecheka kidogo, kisha nikaacha. Nilikupigia simu papo hapo maana jambo lako lisingengoja gazeti, ila niliyokuambia nayaandika hapa kwa faida ya wengine.

Kusugua si neno, uliambiwa uoge. Tatizo ni huo mchoro wako. Daktari akikuta mguu mtupu atautafuta mshipa upya, lakini akikuta mstari ataamini ni wake na atapitisha kisu pembeni yake akidhani anaukwepa mshipa. Na mshipa haujapigwa rula, mama. Kila mtu wake unapita unakojua wenyewe, tena unasogea mguu ukibadilisha mkao.

Wifi yako anakupenda, ila si yeye atakayelala pale mezani. Futa mchoro wako sasa hivi. Kesho, kabla ya sindano ya usingizi, mwambie nesi, kisha daktari mwenyewe: "Mstari wako nimeufuta, naomba uchore tena." Kama kuna sehemu ya mguu yenye ganzi tayari, itaje. Akifoka, mwache afoke amalize, kisha umpe mguu.

Kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, fundi alinitumia ujumbe. Hakufokewa. Wino wake ulikuwa umebaki kwa mbali, na daktari alipokunja kile kidole na kuchora upya, mistari miwili haikukutana. "Mshauri," ameandika, "pale nilipopaacha wazi nikidhani ni salama, ndipo mshipa unapopita."