Yale Mafuta ya Upako Usiyabebe

Manfuha, Riyadh
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa dada Maryann,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kabla ya lingine lolote nataka kujua miguu yako inaendeleaje. Ile ganzi na ule moto wa usiku vimepungua? Shemeji Victor na mtoto Noah hawajambo? Mimi nina afya, nashukuru, isipokuwa mgongo wa kuendesha lori kutwa nzima kule Al-Sulay, na joto ambalo hata Oktoba limekataa kuondoka.

Barua hii anakuletea Duncan, mwenzetu wa chumba aliyepata viza ya Kanada. Anaruka Alhamisi. Nimemwapisha aiweke mkononi mwako wewe, si kwa Victor, si kwenye sanduku la barua. Utashangaa kwa nini sikukupigia. Simu ninayotumia ni ya kampuni na laini ni ya kampuni, na ninachotaka kusema sithubutu kukitaja huko.

Maryann, yale mafuta usiyabebe. Nakupigia magoti dada yangu. Usije nayo Jeddah, hata tone moja.

Najua ni mimi niliyekuomba. Ni mimi niliyebuni ule ujanja wa kuyaita mafuta ya upako, ili mtu akitusikia adhani tunaongea mambo ya kanisa. Nilijiona mwerevu ajabu. Na ona akili zangu: nimeficha kitu cha hatari nyuma ya kitu ambacho hapa nacho hatukitangazi. Halafu Mama, aliyekuwa kwenye simu ya pamoja siku ile, akaamini kabisa. Sasa anafunga kila Ijumaa upako huo ufike salama. Nikimsikia akiomba natamani ardhi inimeze.

Sababu unaijua. Ni mdogo wangu Valary. Daktari mmoja wa Jeddah alimtazama mara moja tu, akasema ni baridi yabisi ya kudumu, si uchovu. Tangu hapo madam anayemfanyia kazi za nyumbani humpa Panadol na kumwambia mafi mushkila, hakuna shida. Vidole vimevimba hadi hawezi kufungua kifuniko cha maziwa. Mwezi uliopita alishindwa kukamua kitambaa cha kupigia deki, akakiweka kwenye beseni akakikanyaga kwa miguu, akilia huku akiogopa kusikika. Aliponieleza hayo, mimi nikapoteza akili.

Nikakukumbuka wewe. Nilikumbuka miaka ile ulivyokuwa hulali, na jinsi ulivyobadilika baada ya daktari wako wa huko kukuandikia mafuta ya bangi. Nikajiambia, kama yamemsaidia Maryann, kwa nini yasimsaidie Valary?

Lakini ulikuwa umenieleza vizuri, ni mimi tu sikutaka kusikia. Ulisema daktari alikuanzisha na matone mawili chini ya ulimi, ukaongeza polepole, na kila tone unaliandika kwenye daftari pamoja na ulivyolala. Ukishatumia hushiki usukani. Chupa inakaa kwenye kisanduku cha kufuli kwa sababu ya Noah. Vidonge vyako vingine hukuviacha. Na ukasema dawa hiyo imepimwa kwa mwili wako, haigawiwi. Mimi nikakusumbua wiki tatu, nikakutajia machozi ya Valary kila siku, mpaka ukakubali. Hilo halikuwa ombi, ilikuwa kukusukuma. Nisamehe.

Kilichonifungua macho ni Alfayo. Tulikaa naye chumba kimoja hapa Manfuha. Alikutwa na kipande cha bangi kisichojaa hata kiganja, akafungwa, na huu ni mwezi wa saba hatujui atatoka lini. Juzi mkewe alinipigia tena kutoka nyumbani kuniuliza, kana kwamba mimi ni hakimu. Nikamtafuta Roselyne, nesi Mkenya tunayesali naye, nikamuuliza kuhusu ile barua ya daktari unayosema itakulinda. Akasema, “Hiyo barua itawasaidia tu kuandika jina lake bila makosa.”

Roselyne alinigombeza pia kuhusu Valary. Kwamba anahitaji daktari wa viungo na kupimwa damu, si chupa ya mtu mwingine, na kwamba mimi na wewe hatujui hata ingegombanaje na dawa atakazopewa.

Kwa hiyo hata yako mwenyewe ya kutumia safarini, acha. Kagua mkoba, kagua mifuko ya koti, kagua zile peremende zako zenye dawa. Lakini usiyaache ghafla tu kwa sababu yangu. Nenda kwa daktari wako kabla hujaondoka tarehe 25, mwambie unapita Saudia kisha Kenya, kote huko hayaruhusiwi, akupe njia nyingine kwa hizo wiki tatu za safari. Akisema huwezi kusafiri bila mafuta, basi usisafiri. Shangazi anayekungoja Kenya atalia, atanyamaza.

Ijumaa napanda basi kwenda Jeddah kumwomba kafili wa Valary, yule mwajiri aliyemdhamini, ampeleke hospitali. Ikama yake, kile kibali cha kuishi hapa, ni halali, haki anayo. Kama hataki, nitakwenda ubalozini kukaa mlangoni. Sijui kama nitasikilizwa. Silali, Maryann. Nikifumba macho naona wewe na miguu yako hiyo umesimama kwenye foleni ya uwanja wa ndege, wanafungua begi.

Ukishasoma, nipigie. Usieleze chochote. Sema neno moja tu, halas, yaani imekwisha, nami nitajua umeyaacha.

Msalimie Victor, mwambie asinichukie. Noah mbusu. Mama anakusalimu; ukweli nitamwambia mimi, usimwambie wewe. Valary naye nilimweleza jana kwa mafumbo kwamba upako hauji. Kisha akanituma neno, nami naliandika alivyolisema: “Mwambie aje mikono mitupu. Nikikosa dawa nitaumwa, nimezoea. Lakini akishikwa kwa ajili ya vidole vyangu, hivi vidole sitaweza tena kuvitazama.”

Mungu akutangulie na ailinde barua hii njiani.

Wako akupendaye, na aliyekukosea,
Josphat