Gauni Lisilokunjika

Jumapili, 2 Novemba 2025

Leo kanisani mjukuu wangu Lorraine amekaa kwenye benchi saa mbili na nusu — mahubiri, matangazo, mchango wa paa — na alipoinuka gauni lake halikuwa na kunyanzi hata moja. Hata moja! Mimi niliyekaa kando yake nilifanana na gazeti la jana. Nilikuwa na lile gauni langu la Agosti, alilonishonea Waithera nilipotimiza miaka sabini na mitano. Pamba tupu, akalitia rangi kwa maganda ya vitunguu kama nilivyomfundisha zamani. Hukunjika hata ukilitazama kwa muda.

Pamba haifichi jambo. Ukikaa, itasema umekaa. Nilifundisha ushonaji miaka thelathini na mmoja, na hilo lilikuwa somo la kwanza kabla mtoto hajashika sindano: kunja kitambaa kwenye kiganja, hesabu hadi ishirini, fungua, tazama.

Gauni lake limetoka mtaa wa Fedha, duka linaitwa Uzi wa Haki. Anataka nguo zote za ruracio, sherehe yake ya mahari, zitoke huko, zake na za wasichana wanne wa kumsindikiza. Lebo ni ya karatasi ngumu, imefungwa kwa kijikamba cha mkonge. "Pamba asilia isiyotiwa dawa. Imeshonwa na akina mama wa Makongeni, wanaolipwa kwa haki." Nimeisoma mara tatu. Maneno mengi kwa gauni moja.

Kuhusu ushonaji sina wasiwasi. Waithera ni mmoja wa hao akina mama, na barua ya kumdhamini niliiandika mimi mwenyewe mwezi wa tatu. Ninachokishuku ni kitambaa. Na mwenye duka.

Lorraine kacheka. "Aki Shosh! Wewe unashuku hata maziwa ya pakiti."

Ni kweli. Nayo nayashuku.


Jumatatu, 3 Novemba

Lorraine ameniachia gauni nimpunguzie pindo. Alipokwenda kazini nikachomoa nyuzi tatu kutoka ndani ya mshono, mahali pasipoonekana. Nikazishika kwa koleo ndogo. Kiberiti.

Uzi wa pamba huungua kama karatasi. Hunuka karatasi, na jivu lake ukiligusa linapotea kidoleni. Poliyesta haiungui hivyo. Hujikunja kwanza, kana kwamba inaogopa moto, kisha huyeyuka, na mwishowe hubaki kitone kigumu cheusi kama mbegu ya papai. Kwa sababu ni plastiki! Ni ndugu wa chupa ya soda.

Nimepata mbegu tatu za papai kwenye kisosi.

Jioni nimemwonyesha Lorraine. Hakutazama kisosi, alitazama gauni. Umechoma nguo yangu ya ruracio? Nyuzi tatu tu, nikamwambia, za ndani. Akasema ameshawatangazia watu wote, hata mama mkwe mtarajiwa, kwamba atavaa nguo safi isiyomdhulumu mtu wala ardhi. Akaingia chumbani kwake. Chakula hakula.

Jumatano nakwenda Fedha.


Jumatano, 5 Novemba

Nilikwenda na gauni mfukoni na maneno yangu yamepangwa kama ya hakimu.

Mwenye duka anaitwa Hodo. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, hijabu ya kijivu, mpole kupita kiasi — jambo ambalo pia nililiandika moyoni. Nikasema niliyoyajia. Sikushusha sauti; wateja wawili wakatoka.

Hakubisha. Alikwenda nyuma, akarudi na jora zima begani kama mchukuzi. "Choma, Mwalimu. Chagua mwenyewe pa kuchoma."

Nikachagua katikati, si mwanzoni. Ikaungua kama karatasi. Jivu likapotea. Nikachoma tena upande mwingine. Jivu.

Ni kitambaa kizuri mno, sitaficha. Rangi ya maziwa ya mgando. Kwenye ukingo, pale kitambaa kinapoishia pande zote mbili, mfumaji ametia uzi mmoja wa buluu. Hodo anasema ni alama yao wenyewe; hakuna mwingine mwenye nao.

Kisha nikachoma uzi wa gauni la Lorraine mbele yake. Alipoona uzi ule unavyojikunja, aliketi kwenye kiti cha wateja.

"Wallahi, Mwalimu, kitambaa kinatoka hapa kikiwa pamba."

Kinatoka pamba, kinarudi plastiki. Maana yake mtu anakibadilisha njiani. Washonaji ni watatu, na huleta kazi yote katika mfuko mmoja kila Ijumaa, kwa hiyo hajui kipi ni cha nani. Akasema jina la duka ndilo mali yake yote. Atakayepatikana hatashika tena kitambaa chake, na kila duka analolifahamu, Fedha hadi Eastleigh, litaambiwa jina lake.

Akaniomba nimsaidie kumjua. Ataleta nyumbani kwangu, mtaa wa Jericho, nguo zote ambazo hazijauzwa, Jumamosi ya tarehe 15, nizikague.

Nikakubali. Nilikubali haraka, nikijisikia mkubwa. Ni nani asiyependa kuombwa ujuzi wake akiwa na miaka sabini na mitano?


Alhamisi, 6 Novemba

Nimekaa dirishani na pindo la gauni la Lorraine. Sikuwa nimelitazama! Nilitazama kitambaa tu, kwa kuwa ushonaji niliuamini.

Pindo limeshonwa kwa mkono. Vishono vinalala kuelekea kushoto. Vyote.

Anayeshona kwa mkono wa kulia, vishono vyake hulala kuelekea kulia. Katika miaka yangu yote nilikuwa na wanafunzi wanne wa mkono wa kushoto. Walimu wengine waliwafunga kitambaa mkononi ili wazoee wa kulia. Mimi nilikataa. Nilimwambia mwalimu mkuu sindano haina dini ya kulia wala kushoto, mwacheni msichana.

Msichana huyo alikuwa Waithera.

Lakini labda mmoja wa wale wawili naye ni wa kushoto. Inawezekana. Sijawaona.


Jumamosi, 8 Novemba

Nimekwenda Makongeni.

Waithera alikuwa mlangoni na cherehani, akitia zipu sare ya shule. Aliniona nikiwa bado mbali, akaleta kiti, akakipangusa kwa leso yake. Nilipokaa nikatoa kiberiti nikakiweka juu ya cherehani.

"Ai, Mwalimu! Umekuja na kiberiti kama askari wa kanjo amekuja kuchoma vibanda."

Nikamuuliza wenzake wawili hushona kwa mkono gani. Akacheka kidogo, akaacha kucheka. "Wa kulia, wote wawili. Wa kushoto ni mimi peke yangu. Unajua."

Jirani alikuwa akianika godoro.

Nikamuuliza kwa nini. Hakulia, ningependelea alie. Alisema wateja wa Fedha husoma karatasi, hawashiki kitambaa. Wangeshika wangejua. Kisha akaingia ndani, akarudi na moja ya zile lebo, akanisomea kwa sauti ya darasani, ile niliyowafundisha mimi, kila neno peke yake: "Wanaolipwa. Kwa. Haki." Akaniwekea mapajani.

"Mwalimu, ulikwenda kumuuliza mwenye kitambaa kama kitambaa ni safi. Ni nani aliyekuja kuniuliza mimi kama nimelipwa?"

Kumbe Hodo hulipa gauni likiuzwa, si likishonwa. Gauni likikaa kwenye hanga miezi miwili, mshonaji naye husubiri miezi miwili. Lililopungua bei, naye hupunguziwa. Ndipo Waithera akaanza kuiuza ile pamba na kushonea kitambaa cha bei nafuu. Sikulijua hilo nilipoandika barua yangu ya kumdhamini. Sikuuliza. Niliandika kuhusu nidhamu na vidole vyepesi.

Nikamwambia dhuluma haiponywi kwa uongo. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," kama alivyokuwa akisema akiwa na miaka kumi na minne na hakubaliani nami.

Mwishowe nikauliza lililonileta kweli. Gauni langu la Agosti je?

"Hilo ni vipande tu, Mwalimu. Mabaki ya kukatia. Wewe si ndiye ulitufundisha tusitupe?"

Nilimwamini hadi nilipofika barabara ya Jogoo.


Jumanne, 11 Novemba

Nimepiga pasi gauni langu. Nimelipiga kwa upande wa ndani, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla.

Nguo ya vipande ina viungo. Hakuna fundi duniani anayeweza kuficha kiungo kwa anayekipapasa kwa kidole kutoka ndani. Nimepapasa mgongo wote. Hakuna kiungo. Na mimi si mwembamba!

Kisha nikafungua mshono wa ubavuni, kidogo tu, kwa wembe. Ukingo. Uzi wa buluu. Maganda ya vitunguu yameufanya uwe kijani kidogo, lakini ni buluu. Ubavu wa pili — uzi wa buluu tena. Yaani ni upana mzima wa jora, kutoka ukingo hadi ukingo. Mabaki ya kukatia hayawi hivyo.

Nimelivaa mara kumi na moja. Nimelivaa kwenye meza ya Bwana. Nililivaa Jumatano nikienda — hapana, Fedha nilivaa suti ya kahawia. Mungu alinirehemu, au alinicheka.

Lazima kuwe na gauni la plastiki mahali fulani kwa sababu mimi nina la pamba. Huenda ni la Lorraine lenyewe. Mjukuu wangu amevaa plastiki ili mimi nivae pamba, na hakuna kati yetu aliyeombwa ruhusa.

Ningeweza kulirudisha. Kwa nani? Nikimpa Hodo nimemtaja Waithera. Nikimpa Waithera nimemwambia simwamini, na zawadi ya mwanafunzi hairudishwi. Mwalimu akirudisha zawadi amemkana.

Nimelitundika nyuma ya mlango wa chumba changu.


Ijumaa, 14 Novemba

Lorraine ameanza kula. Ameniuliza, Shosh, kesho ukimjua huyo mwizi utamtaja? Nikamwambia neno mwizi ni zito. Akanitazama sana.

"Jumatatu ile ungemfunga na kamba."

Ndiyo. Jumatatu ile nilidhani ni mtu nisiyemjua.


Jumamosi, 15 Novemba

Naandika haraka. Hodo yuko hapa.

Alifika saa nane na mfuko wa magauni manane. Lorraine akapika chai, akatoka kwenda kwa wasichana wake. Tukafanya kazi mezani mimi na Hodo, nyuzi mbili kwa kila gauni, kisosi katikati. Matano ni jivu. Matatu ni mbegu za papai.

Akayatenga yale matatu. Ana akili, hakuhitaji kufundishwa mara mbili. Akageuza mapindo, akayalinganisha na ya mengine. "Mwalimu, hivi vishono vinalala upande mwingine. Haya matatu ni ya mtu mmoja?"

Nikasema ndiyo. Singeweza kusema hapana, yako mezani.

"Ni nani?"

Nikamwambia anywe chai kwanza. Kisha nikafanya kosa ambalo ningempigia mtoto wa darasa la tano mstari mwekundu. Nilitaka naye aone kosa lake. Nikamuuliza kama ni haki kumlipa mshonaji gauni likiuzwa badala ya likishonwa.

Aliweka kikombe chini polepole.

"Ndivyo ninavyolipa. Na mimi mwenyewe maduka mengine hunilipa hivyohivyo, na kodi ya chumba hainisubiri." Akakisogeza kisosi kando. "Hilo nimewaambia watu watatu tu, Mwalimu. Wewe umeambiwa na nani?"

Simu yake ikatoa adhana. Alasiri. Sijawahi kufurahi hivyo kusikia adhana, Mungu wangu anisamehe.

Akaomba mahali pasafi pa kusalia. Sebuleni kuna magauni kila mahali, na picha za ukutani. Nikamwonyesha chumba changu, nikamtandikia shuka iliyofuliwa, nikamwelekeza kaskazini. Alinishukuru. Akaingia, akafunga mlango.

Akafunga mlango! Ukiwa wazi, mlango ule huegemea ukuta, na kilicho nyuma yake hakionekani. Ukifungwa, kiko mbele ya macho. Gauni liko hapo. Ubavu niliouchana kwa wembe sijaushona. Uzi wa buluu unaonekana.

Nilisahau. Naandika hapa kwamba nilisahau. Kuna chumba cha Lorraine pia, na ni kisafi kuliko changu, na nilipita mlango wake nikimwongoza mgeni.

Rakaa nne. Nimeishi jirani na Waislamu miaka arobaini. Najua muda wake bila saa. Muda huo ulipita nilipokuwa naandika kuhusu kikombe.

Sisikii nyayo. Hapana — nasikia hanga ikigonga ubao wa mlango, mara moja, jinsi inavyogonga mtu anapotundua nguo.