Mjomba, Sungura Alikuwa Kando ya Barabara

Mjomba,

Nimempata. Sungura. Tena wa jangwani, masikio marefu kama ya punda, na mahali nilimpata ukisikia utacheka mpaka kile kikohozi chako kianze. Nimekaa kwa ngazi za nyumba ya dada yake baba, huyu tajiri wangu, huku Nuzha, Jeddah. Gari nimeshaosha, hakuna mtu ananiita, na kalamu inakimbia kunishinda. Unajua mimi si mtu wa kuandika. Shule niliachia darasa la tano, na wewe ndio ulisema huyu kijana akili yake iko kwa macho, mwacheni. Lakini hii siwezi kumwambia mwingine. Madereva wenzangu wakisikia sungura watauliza tu kama kulikuwa na ugali.

Wacha nianzie pale uliondoka.

Nilikuwa Riyadh, Sulimaniyah, nimemngoja madam, mke wa baba, nje ya duka la vitambaa. Sauti ya mama ikaingia kwa simu, nikaisikiliza mara moja tu. Madam akatoka na mifuko, nikamfungulia mlango. Taa nyekundu nikasimama, ya kijani nikaenda. Mpaka nyumbani. Ndio nikaenda nyuma, kwa banda la mbwa, nikakaa huko chini na Barki.

Barki ni mbwa wa baba. Si kama mbwa wako Polisi. Huyu ni mrefu, mwembamba, kiuno ungekishika na mikono miwili, mbwa wa mbio. Lakini amezeeka, uso umekuwa mweupe.

Nikamwomba baba ruhusa nije nikuzike. Si mtu mbaya, Mjomba, alisema pole, akakuombea kwa dini yao. Lakini dereva mwingine hayuko, na msimu wa kuwinda umeanza. Akasema ngoja msimu uishe, tutaona. Na huku kafili, yule aliyekuleta kazini, asipokubali, hata ukiwa na pasipoti na ikama, kibali chako cha kuishi, mlango wa ndege hutauona. Basi wakakuzika bila mimi. Mama aliniambia kaburi lako lina mawe tu, na Polisi hulala hapo juu, akipewa chakula na watu hakuli, anarudi hapo na njaa yake. Hiyo ya Polisi ilinimaliza.

Kwa hivyo nikajiambia, huu msimu uende vizuri. Baba akifurahi atatoa ruhusa. Ni hiyo tu nilikuwa nataka, nije nisimame hapo.

Sasa, hilo jangwa lao la kuwindia si la mtu. Ni la kila mtu, kama kile kichaka chetu cha kaunti. Siku za mapumziko magari yanaingia utadhani ni siku ya soko. Landikruza hapa, Landikruza pale, mchanga wote umechorwa tairi. Kila mtu anataka kwenda mbali kuliko mwenzake. Sisi pia. Tulienda mbali mpaka nikaogopa mafuta, mimi na baba, na shemeji yake Abu Turki na gari lake jipya. Tangu asubuhi mpaka saa tisa, mafi, yaani hakuna kitu. Hata kinyesi cha sungura hakuna.

Halafu akatoka mmoja. Barki akamfuata, Mjomba, ungeona huyo mzee akikunjuka! Akamwangusha karibu na mimi. Nikakimbia, nikamtoa mdomoni, bado mzima anapiga teke. Na mkono wangu haukungoja. Ulinifundisha mnyama asiteseke hata dakika, ukimshika ummalize. Nikamvunja shingo.

Nikainuka nacheka, nimemshika juu, ndio nikaona uso wa baba. Alikuwa ameshatoa kisu. Kwao mnyama akikutwa mzima lazima achinjwe, jina la Mungu litajwe, damu itoke. Mimi nimewapa mzoga. Sungura mmoja wa siku nzima, na pengine wa mwisho wa Barki.

"Haram," baba akasema. Taratibu tu. Heri angepiga kelele.

Abu Turki ndiye alipiga kelele. Akasema dereva wako anakula mizoga, mpeleke akae na fisi. Njiani nikajaribu kusema kuhusu ruhusa, sijui nilifikiria nini, baba akainua mkono: "Halas, Musa." Kambini sikula. Nilikuona wewe, na yale mawe, na nikajua nimeyaweka mbali zaidi.

Sasa sikiliza asubuhi yake.

Kabla ya kuingia kwa mchanga, kila gari husimama pale lami inapoishia kupunguza upepo wa tairi. Wote wanasimama hapo. Wanakunywa chai, wanakojoa, wanatupa maganda ya tikiti na mikate, halafu yalla, wanapotea huko mbele. Kazi ya tairi ni yangu. Kwa hivyo wao wanaangalia mbali na mimi niko kwa magoti.

Nikaona ganda la tikiti limegugunwa. Si panya, meno mapana. Nikaona vinyesi, vile viduara, vibichi. Nikafuata kwa macho bila kuinuka: nyayo mbili kubwa mbele, ndogo nyuma, vile sungura huruka, zinaenda kwa marundo ya changarawe yaliyoachwa na watu wa barabara. Nyuma yake kuna kijibonde na miti ya miiba. Hatua labda mia moja kutoka kwa chai ya watu!

Mjomba, nilikusikia. Si unakumbuka vijana wa kina Mutuku wakipita na mbwa saba kwenda ndani kabisa ya kichaka, wakikucheka, na wewe na mimi tumelala nyuma ya vyoo vya shule? Ulisema, "Wakikanyaga kila mahali, yeye anakaa pale wanapopita. Hapo hakuna mtu anaangalia." Na tulikuwa tunarudi na nyama, wao wanarudi na kiu.

Lakini kusema sasa. Mimi, yule wa mzoga wa jana. Upepo wa tairi ya mwisho ukaisha, baba akaingia kwa gari, na mimi bado nimeinama. Nikafikiria Polisi na njaa yake. Nikaenda kwa dirisha.

"Baba," nikasema, "arnab mafi huko. Arnab hapa."

Abu Turki alicheka mpaka akamwaga chai. Akauliza kama sungura wa hapa pia nitampatia baba akiwa ameshakufa. Baba hakucheka. Aliniangalia, halafu akaangalia magoti yangu yenye mchanga.

"Onyesha."

Nikamwomba azime gari. Twende kwa miguu, upepo utupige usoni. Nikasema mimi nitapita upande wa lami, nimzibie, ili akitoka akimbilie jangwani na Barki asigongwe na malori. Maneno yote hayo, Mjomba! Kwa Kiarabu changu kibovu na mikono. Sijawahi kuongea hivyo huku.

Hatua kumi. Ishirini. Chini ya mti wa tatu nikaona jicho. Jicho tu, jeusi, linaniangalia. Nikapiga makofi.

Akalipuka! Barki akamwona. Walikata bonde wote wawili, vumbi nyuma yao kama mkia, sungura anapinda kushoto na mzee anapinda, kulia na mzee anapinda, na Abu Turki huyo anakimbia na kikombe mkononi anamwita mbwa kwa jina. Mimi nilipita kila mtu. Nilifika Barki akiwa amemlalia, mzima.

Nikamchukua. Na vidole vyangu vinajua shingo iko wapi, hata usipoviambia. Moyo wake unapiga kwa kiganja changu, tu-tu-tu, na wangu pia, sikujua ni upi. Nikamkumbatia kifuani, nikamfunika macho atulie. Nikangoja. Baba ana goti baya, alikuja polepole kama mtu amebeba maji. Wewe ungenitukana kwa kuchelewa hivyo. Nilingoja.

Akafika, akasema bismillah, akachinja. Damu ikaingia mchangani. Halafu akakaa chini, hivyo hivyo, akamvuta Barki, akamfuta mdomo na kilemba chake.

Akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia, mjomba wangu. Akauliza, "Yule ulitaka kwenda kumzika?"

"Ndiyo, baba."

Akafuta kisu muda mrefu. Abu Turki, kwa mara ya kwanza, akanipa chai.

Jana, baada ya kumleta madam huku Jeddah, baba akanipigia simu. Ruhusa imetoka, kwenda na kurudi, na tikiti iko. Akasema, "Rudi kabla ya msimu ujao. Mimi sina macho." Na kwa gari, chini ya kiti, alikuwa ameniwekea mfuko. Ndani kuna ukanda wa shingo wa Barki, ule wa zamani wa ngozi. Barki hatakimbia tena. Mbio za siku ile zilikuwa zake za mwisho, na alishinda.

Leo asubuhi nimefika sokoni Balad kumtafutia mama leso. Nikapita kati ya zile nyumba za zamani nikicheka peke yangu, mpaka mchukuzi mmoja akanipisha njia.

Jumamosi nafika. Kwa mama nitaingia baadaye, kwanza ni kwako. Nitakaa na mawe yako mpaka nimalize kulia, kwa sababu hiyo bado sijafanya vizuri. Halafu nitamvisha Polisi ukanda wa Barki, nimpe chakula kwa mkono wangu, na akikula tutashuka sisi wawili polepole, nyuma ya vyoo vya shule. Sitaua sungura. Nitalala pale tulikuwa tunalala, niangalie kama bado yuko.

Lala, Mjomba. Hapo ulipo watu wengi wanapita bila kuangalia. Mimi nitakuona.

Musa wako