Kipa wa Jumamosi

Tarehe 9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta angalau umeweza kula kidogo. Sisi hatujambo. Mshono wangu umeanza kukauka, na mjukuu wako ananyonya kama anayekimbizwa.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunalia tu, hatuambiani kitu. Baba amezikwa na mimi nimelala huku ugenini, daktari amenikataza hata kupanda ngazi, sembuse ndege. Sikuona chochote, ndiyo maana kila nikifumba macho namwona yu hai. Niambie ilikuwaje, Mama. Usinipunguzie.

Wenzangu wa kazini waliokuja kunipa pole waliniuliza baba yangu alikuwa mtu gani. Nikawaambia alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na kipa. Kisha nikawapa ile habari ya nywele: wewe ukiwa zamu ya jioni kiwanda cha mikate, yeye anatusuka Jumapili kwa ajili ya shule huku redio inatangaza mpira. Timu yake ikifunga, mkono unaruka, mstari unapinda. Mwalimu alikuwa akitazama vichwa vyetu Jumatatu, anajua matokeo. Walicheka sana. Mimi nikageukia ukutani.

Binti yako


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mwili wangu mzima, mengine tuyaache. Mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Umetaka nikuambie. Ilikuwa Jumamosi. Baba yako aliamka akapiga pasi jezi yake mwenyewe, unajua hiyo hakuniachia hata siku moja. Nikamwambia, "Si daktari amekukataza, moyo wako huo?" Akanijibu, "Daktari kasema nisikimbie. Kipa anakimbilia wapi?" Ungemjibu nini mtu kama huyo?

Alirudi jioni amechoka lakini uso unang'aa. Akaketi kizingitini, akaomba maji. Mimi niko jikoni natafuta kikombe, yeye ananisimulia kwa sauti kupitia dirisha jinsi alivyopangua mpira wa kona. "Ukaja huku, mke wangu, nami nikaruka hivi..." Kisha kimya. Nilitoka nikamkuta ameegemea mlango, mkono mmoja ameunyoosha. Nilidhani ananionyesha. Nikamwambia, "Haya, acha maigizo, shika maji yako."

Hakuyashika.

Basi ndiyo hivyo. Kuandika kumenichosha.

Mama yako


Tarehe 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mpaka imelegea kwenye mikunjo. Naomba neno lile la mwisho lisikutafune. Baba aliondoka akisikia sauti yako ikimtania, kama alivyoizoea maisha yake yote. Wangapi wanapata hivyo?

Mtoto amejifunza kucheka. Niandikie.

Binti yako


Tarehe 15 Juni

Mama,

Shikamoo. Kimya chako kinanitisha. Nikipiga simu, anapokea shangazi, anasema umelala. Anasema hutoki nje, na mlango wa mbele umeufunga, mnapitia uani. Mama, nimempoteza mmoja. Tafadhali, hata mstari mmoja tu.

Binti yako


Tarehe 3 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kukutia hofu. Sikuwa na maneno.

Wiki iliyopita wachezaji wenzake Baba walikuja, wazee watupu, magoti yamefungwa bandeji, wakasimama uani kama watoto waliovunja kioo. Nahodha wao, yule kinyozi, akasema, "Shemeji, Jumamosi tunacheza, mara ya kwanza tangu atutoke. Tunaomba uje. Golini hatujui tumweke nani." Nikamwuliza, "Kwa hiyo mnataka nidake mimi?" Wakacheka. Nami nikajisikia ninacheka.

Nikaenda. Mpira ukaanza, goli letu tupu. Nikadhani wamesahau. Upande wa pili kuna mshambuliaji, dereva wa lori, pande la mtu, ambaye baba yako alimnyima goli miaka nenda miaka rudi. Akaupata mpira, akaja nao taratibu mpaka mbele ya goli. Hakuna aliyemfuata. Akaukanyaga ukatulia, akasimama.

Mtazamaji mmoja akapiga kelele, "Funga basi!"

Akajibu bila kugeuka, "Nimfunge nani?"

Kisha lile jitu likaketi chini, palepale kwenye mstari, likalia. Wenzake wakaja wakaketi. Wetu nao wakaketi. Mimi nikavuka uwanja na kanga zangu, mbele ya watu wote, wakasogea wakanipa nafasi katikati. Mwanangu, nililia kama sijawahi, na sikuwa peke yangu.

Refa akapuliza filimbi tuinuke. Hakuna aliyeinuka. Akapuliza tena, akatutazama, akaitia filimbi mfukoni, akaja akaketi.

Mama yako