Halima Aliyeingia Kwenye Wimbo wa Rukia

Jumapili, mchana. Baridi ya Julai imenikalia mabegani, na mawingu ya hapa Kayole yametanda tu, hayana nia ya mvua wala ya kuondoka. Nimejifunika blanketi, naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Anayesoma asinisahihishe herufi. Mimi niliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nililisoma nikiangalia nje.

Leo asubuhi, nusu usingizini, nilisikia gita langu likilia darini.

Gita lile nililiuza zamani. Lakini mstari wake naujua kama kikohozi changu: unapanda ngazi tatu, unasita, halafu unashuka kwa uvivu. Nikadhani nimekufa, na kumbe huko wanapiga nyimbo zetu. Nikalala kimya nisije nikaulizwa niliingiaje.

Alikuwa Mueni, msichana wa ghorofa ya juu, anajifunza "Fungua Dirisha".

Wimbo huo niliutunga mimi, Kaloleni, miaka ya sabini ikiwa bado mibichi. Niliutunga kwa ajili ya Rukia, ambaye sasa namwita Mama Fatma, na ambaye siku hizo sikuruhusiwa kumwita chochote. Shangazi yake alilinda mlango kama askari jela. Mwimbaji wetu alikuwa Kasimu, rafiki yangu, mchana fundi viatu, Jumamosi mfalme. Akiimba, hata waliokuja kupigana walikaa chini.

Kwenye kibwagizo kulikuwa na jina, linaitwa mara nne. Pale ukumbi wa mtaa jina hilo lilikuwa halina mwenyewe. Ukitaka mpenzi wako aimbwe, unampa mhudumu kikaratasi, kinaletwa kwangu, na kabla hatujaanza Kasimu ananigeukia, "Nani leo?" Namtajia. Rukia, Halima, Zuhura, yote yaliingia bila taabu. Kuna Mwanahamisi mmoja aliyekaribia kumuua Kasimu kwa kukosa pumzi.

Halafu tukaitwa mjini kurekodi santuri. Nikamwambia Rukia, sasa jina lako litaimbwa redioni, nchi nzima isikie. Yeye akaambia mtaa mzima.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye magodoro ukutani na joto la kuokea mkate. Tulipewa nafasi moja, bendi nyingine inasubiri mlangoni. Waya mmoja wa gita langu ulikuwa unalegea, nimeinama nakaza, taa nyekundu inawaka. Kasimu akanigeukia vilevile kama siku zote.

"Nani leo?"

Na mimi, bila kuinua kichwa, "Wa Jumamosi."

Wa Jumamosi iliyopita, pale ukumbini, alikuwa Halima. Mtu fulani alikuwa ameleta kikaratasi chake. Mimi Halima mwenyewe simjui hata kwa salamu. Ulimi wangu ulijibu kama tulivyozoea, na Kasimu akaimba Halima mara nne, vizuri kuliko alivyowahi kuimba jina lolote. Nilisikia. Naapa nilisikia. Lakini gita langu siku hiyo lilikuwa tamu mno, nikaogopa kusimamisha.

Ndiyo. Nilimwacha Rukia nje ya wimbo wake kwa sababu ya sifa za vidole vyangu.

Siku wimbo ulipopigwa, Rukia alikuwa amewakusanya shangazi na majirani wote kwa redio, chai imemiminwa. Ikatoka Halima. Wanasema jirani mmoja aliuliza, "Kwani Rukia, wewe una majina mawili?" Chai ikapoa vikombeni.

Alipokuja kunitafuta, macho yamevimba, nilisema neno moja: Kasimu. Nikasema alikuwa amekunywa. Kasimu alikuwa amesimama palepale, hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha. Akanitazama. Nikamtazama kiatu. Akasema, "Ni kweli, shemeji. Ulimi wangu uliteleza."

Rukia hakumsalimu tena mpaka mwisho.

Kasimu aliimba harusi zote za Kaloleni. Yangu tu hakuimba.

Wimbo nao ukatoka ukaenda zake, kama mtoto aliyepata kazi mbali. Bendi ya Wazaire waliokuwa wakipiga karibu na soko la Burma waliuchukua, wakauwekea mkia mrefu wa magita, mtu anaagiza nyama choma wimbo unaanza, anamaliza kula mbuzi, wimbo bado unachezwa. Wakaimba Halima, kwa sababu walijifunza kwenye santuri. Kwaya ya kanisa la mtaa wa Jericho ikaufanya "Fungua Moyo". Halima akatolewa, akaingia Bwana. Nilisimama nje ya kanisa na kofia yangu ya kiislamu, naona kina mama wanatikisa mabega kwa hatua zilezile za ukumbini, nikashukuru Mungu hana chuki na asili ya wimbo. Miaka ya themanini wakaja vijana wa disko na kinanda cha umeme. Mpiga ngoma alikuwa mashine. Halima akarudi, safari hii na mwangwi: Halima-lima-lima.

Kila alikopita Halima huyo, Rukia alimsikia. Buchani, harusini, kwa majirani ukutani. Aliacha kukasirika. Alikuwa anainuka tu na kufunga dirisha, taratibu, kama mtu anayezuia vumbi. Na kila mara akilifunga, mimi nilikuwa nasema, "Huyo Kasimu!" Ilikuwa imekuwa kama dua.

Kasimu alifariki mwaka juzi, kule Baba Dogo. Nilikwenda kuzika peke yangu. Rukia alisema miguu inamuuma.

Sasa leo, Mueni ameteremka na gita, amevua viatu mlangoni. Anataka kuurekodi upya, na ana adabu, kaja kwa mwenyewe.

"Babu, kwenye chorasi niimbe nani? Kwa ile rekodi ni Halima, lakini watu wanasema wimbo ni wa Shosho."

Rukia, bibi huyo mwenyewe, alikuwa jikoni anakatakata mboga ya sukuma. Kisu kikasimama.

Hiyo ndiyo nafasi niliyoiota miaka yote. Neno moja tu, Rukia, na hesabu ya maisha yangu imekaa sawa. Nikafungua mdomo. Na sijui ni baridi, sijui ni ule mstari wa gita uliokuwa bado unaelea kichwani, nikamwona Kasimu amesimama na viatu vya watu mkononi, ananisubiri niseme.

Nikasema yote. Waya, taa nyekundu, wa Jumamosi. Nikasema Kasimu hakunywa, wala ulimi wake haukuteleza, aliimba nilichomtajia. Mueni akawa anaangalia vidole vya miguu yake.

Rukia alitoka jikoni na kisu mkononi. Sitaficha, niliangalia mlango uko wapi.

"Baba Fatma," akasema, "miaka yote hiyo, mtu akipita hapa barabarani ananiamkia, mimi nageuza uso?"

"Nisamehe, Mama Fatma."

"Usiniombe mimi. Mimi nilipata mume, ingawa ndiye huyu. Kasimu alipata nini?"

Nikavuta blanketi mpaka kidevuni. Mtu wa maneno kama mimi.

Akamwambia Mueni aimbe jina analotaka, hata la mama yake, wimbo huo umeshapita mikono mingi. Ila pale mwanzo, kabla gita halijaanza, aseme aliyeuimba mara ya kwanza alikuwa Kasimu, fundi viatu wa Kaloleni. Mueni akaandika kwenye simu. Kisha Rukia akarudi jikoni, na sukuma ikakatwa kwa nguvu kuliko sukuma inavyohitaji.

Mchana huu hatujasemeshana. Lakini ametoa buibui lake la kutokea, amelitundika mlangoni. Kisha amepiga simu mwenyewe, nimesikia kwa masikio yangu. Amempigia mjane wa Kasimu. Amejitaja jina mara mbili kwa sababu upande wa pili walinyamaza. Amesema kesho asubuhi atakuja na mzee wake, na mzee wake ana maneno ya kusema.

Yeye atasalimia kwanza, kwa sababu ana deni la salamu za miaka mingi. Halafu atanyamaza, na wote wawili watanigeukia mimi.